Barua ya wazi kwa wasimamizi wa shule zetu za msingi za Kikatoliki: imani ya shule ianzie getini

Kwa Wakurugenzi wa Elimu wa majimbo, maparoko, mama wakuu wa mashirika ya kitawa na walimu wakuu wa shule za msingi za Kikatoliki nchini Tanzania.

Tumsifu Yesu Kristo.

Waheshimiwa Mababa, Masista, Mabruda na Walimu,

Nawaandikia nikiwa mzazi mwenye watoto katika mojawapo ya shule mnazozisimamia, na nikiwa katekista wa kujitolea katika parokia yangu, hapa Kanda ya Ziwa. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wazazi wa shule nyingine, na kwa kuwa sina nia ya kumwaibisha mwalimu mkuu mmoja ambaye anafanya kazi ngumu kwa moyo mwema. Ninachoomba ni kwamba mtazame upya maisha ya imani katika shule hizi, hasa mahali ambapo hatujazoea kuyatafuta: kwenye meza ya mhasibu, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupanda darasa, na kwenye ratiba ya miezi ya mwisho ya darasa la saba.

Upande wa ibada sina la kulalamikia. Sala ya asubuhi ipo, Malaika wa Bwana husaliwa adhuhuri, Mei na Oktoba watoto husali rozari, Ijumaa za Kwaresima hufuata Njia ya Msalaba, na sikukuu ya mtakatifu somo wa shule huadhimishwa kwa Misa yenye kwaya ya watoto ambayo humfanya mtu mzima aone haya kwa namna yeye mwenyewe anavyoimba kwa kujivuta kila Jumapili. Utoto Mtakatifu nao una wanachama wengi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka ndogo, na watoto wetu hukariri lengo hilo bila kusita. Mzazi anayekuja kutembelea shule siku ya kawaida ataondoka akiamini kwamba imani imewekwa mahali pake.

Lakini mtoto huyohuyo anaona mengine. Jumatatu moja, muhula ukiwa bado mchanga, nilimpeleka mwanangu shuleni nikakuta meza ndogo imewekwa getini. Mhasibu alikuwa na orodha mkononi, na mlinzi alikuwa akiwasimamisha watoto wanaoshuka kwenye basi na kuwauliza majina. Waliokuwa na deni la ada walitengwa pembeni, karibu na bomba la kunawia mikono, mabegi yakiwa mgongoni na sweta zimefungwa hadi kifungo cha juu kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Hatua chache kutoka pale, wenzao walikuwa mstarini wakisali Baba Yetu. Wale wa pembeni nao waliisali, maana mtoto aliyezoea kusali haulizi kama amesimama mahali sahihi. Walipofika kwenye kuomba mkate wa kila siku na kusameheana makosa, mhasibu alikuwa akigeuza ukurasa. Binti mmoja, wa darasa la tatu hivi, alimaliza kwa ishara ya msalaba, kisha akamwuliza mlinzi kama basi litamrudisha nyumbani au atembee. Mlinzi hakuwa na jibu, na sioni kwa nini tulimwachia yeye alitafute.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu ada yenyewe. Najua kwamba shule hizi hazipati ruzuku inayopelekwa katika shule za Serikali, na kwamba mishahara ya walimu, michango ya mifuko ya jamii, chakula cha mchana na dizeli ya mabasi hulipwa kwa fedha za wazazi. Najua pia kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali haina ada, kwa hiyo kila aliyemleta mtoto kwetu amechagua kulipa. Tena wapo wazazi wanaotumia vibaya jina la Kanisa: mtu anachangia harusi tatu kwa mwaka kwa kiwango cha kuonekana, kisha anakuja ofisini kwa Sista kudai avumiliwe kwa kuwa shule ni ya Mungu. Mzazi huyo abanwe. Aitwe, asaini ahadi ya malipo, alete mdhamini, na akishindwa kabisa aambiwe kwa staha, ana kwa ana, kwamba muhula ukiisha atafute shule nyingine. Mtoto hakusaini fomu ya kujiunga wala hana mshahara. Kumsimamisha getini mbele ya wenzake ni kumtumia yeye kama kifaa cha kumwumiza mzazi, na darasa zima linaloshuhudia linafundishwa somo ambalo vipindi vya dini vya mwaka mzima havitalifuta.

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu malezi ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linasema kwamba kinachoitofautisha shule ya Kikatoliki na nyingine ni kuifanya jumuiya ya shule iwe na hewa ya roho ya Injili, roho ya uhuru na upendo. Tamko hilohilo linawataka wachungaji wawajali hasa walio maskini wa mali za dunia hii, walionyimwa msaada na upendo wa familia, na walio nje ya imani yetu. Makundi hayo matatu ndiyo yanayoteseka kwanza tunapoiendesha shule kwa hesabu peke yake, na nadhani historia yetu inaeleza jinsi tulivyofika hapa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliowazunguka walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, wasio na baba wa kuwalipia wala ukoo wa kuwadhamini. Walifundishwa kusoma, kusali, kulima na ufundi. Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na desturi yao ya sala na kazi, na shule zikaota pembeni mwa karakana na mashamba. Mwaka 2018 sote tulishangilia miaka 150 ya Ukatoliki Tanzania Bara, na mizizi hiyo ikatajwa katika kila mahubiri. Kati ya mizizi hiyo na shule zetu za leo, hata hivyo, kuna mwanya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, na kwa zaidi ya miaka ishirini Kanisa halikuwa na shule za msingi za kuzungumzia. Tuliporudi, katika miaka ya 1990, tuliingia kwenye soko lililokwisha kufunguliwa, ambako mzazi alikuwa akitafuta Kiingereza, basi la shule na nafasi katika sekondari nzuri. Tulijifunza kuendesha shule kutoka kwa majirani zetu wafanyabiashara, nao walitufundisha vizuri. Shule nyingi tunazojivunia sasa ni za kizazi hicho, zimepewa jina la mtakatifu na taratibu za kampuni.

Namna ya kutoka kwenye mtego huu tunayo tayari, ila hatuitumii. Shule ya parokia ina paroko, na paroko ana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Jumuiya inajua nani amefiwa, nani amepunguzwa kazini, nani ana mgonjwa katika hospitali ya Bugando na anauza ng'ombe mmoja mmoja kulipia dawa. Shule iliyo ng'ambo ya uwanja, mali ya jimbo hilohilo, haijui lolote kati ya hayo, kwa sababu haijauliza. Ninapendekeza kwamba kabla mtoto yeyote hajarudishwa nyumbani kwa deni, mwalimu mkuu azungumze na mzazi, na ikibidi amwulize paroko kwa siri. Nasisitiza neno siri: shida ya familia ikisomwa kwenye matangazo ya jumuiya tutakuwa tumehamisha aibu kutoka getini kwenda kwenye sebule za majirani. Kwa familia zisizo za Kikatoliki, mazungumzo ya moja kwa moja yatoshe.

Pia uanzishwe mfuko wa ada katika kila shule, wenye sehemu inayojulikana ya mapato ya shule, mchango mmoja wa parokia kwa mwaka na sadaka za waliosoma hapo, na taarifa yake isomwe katika mkutano wa wazazi kama zinavyosomwa gharama za chakula na ukarabati. Sadaka ndogo za Utoto Mtakatifu zina njia yake ya kwenda kwenye mfuko wa kimataifa wa shirika hilo, na ziendelee kwenda huko. Hata hivyo, ni ajabu kumfundisha mtoto kutoa sarafu kwa ajili ya mtoto asiyemjua wa nchi ya mbali, halafu tukamficha kwamba anayekaa naye dawati moja hajaonekana tangu Jumatatu kwa sababu ya deni.

Jambo la pili linaniuma zaidi kwa kuwa halina hata kisingizio cha fedha. Nazungumzia mchujo. Mtoto wa darasa la tatu au la sita ambaye wastani wake unatishia sifa ya shule huitiwa mzazi wake mwisho wa mwaka, na maneno huwa laini: labda akariri darasa, labda mazingira mengine yatamfaa, mtafutieni shule inayokwenda polepole. Barua ya uhamisho huwa imeshachapwa. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, na Serikali imekemea mara nyingi tabia ya kuwafukuza au kuwakaririsha watoto kwa kutofikia wastani uliowekwa na shule, lakini mabango barabarani hayajapungua. Yapo yenye picha ya kanisa upande mmoja na safu ya alama A upande wa pili. Mchungaji wa Injili ya Luka aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea. Sisi tunampoteza mmoja kwa makusudi ili wastani wa tisini na tisa upendeze.

Sisemi shule zetu zifundishe vibaya. Kufaulu ni haki ya mtoto na ni jasho la walimu, nami hufurahia matokeo kama mzazi mwingine yeyote. Ila mtoto tuliyempokea darasa la kwanza, tukambatiza, tukamfundisha kusoma, ni wetu mpaka amalize, akiwa wa kwanza au wa mwisho. Mwalimu anayejua kwamba hawezi kumwondoa mtoto mzito atatafuta mbinu ya kumfundisha. Anayejua kwamba mtoto huyo ataondolewa Novemba, ataingoja Novemba.

Kipindi cha dini chenyewe hakihitaji maneno mengi, kwa kuwa kila mmoja wenu anajua kinachotokea. Hakimo katika mtihani wa taifa, kwa hiyo ndicho kinachotolewa kafara kambi ya darasa la saba ya kujiandaa kwa mtihani inapoanza, na Hisabati ndiyo inayoketi kwenye nafasi yake. Kinapobaki, hufundishwa na mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache. Kanuni ya 804 ya Sheria za Kanisa inamtaka Askofu ahakikishe kwamba walimu wa dini wanasifika kwa mafundisho sahihi, kwa ushuhuda wa maisha ya Kikristo na kwa ustadi wa kufundisha. Huo wa tatu tunausahau. Watoto wa darasa la sita nilio nao katika mafundisho ya Kipaimara wana majibu yote ya katekisimu fupi, wanayatoa kwa kiitikio, lakini mmoja akiuliza kwa nini bibi yake hakupona ingawa shule nzima ilimwombea novena, yaani sala ya siku tisa, wenzake hunyamaza na kunitazama kama vile amevunja sheria. Mtoto huyo alihitaji kuuliza swali hilo shuleni, kwa mwalimu aliyeandaliwa kulipokea. Kambi nazo, kama ni lazima ziwepo, ziiache Jumapili. Sioni tutawaambiaje wazazi waitakatifuze siku ya Bwana ikiwa shule ya Kanisa inaipangia mtihani wa majaribio.

Kuhusu Komunyo ya Kwanza, ombi langu ni kwamba ibaki parokiani. Kanuni ya 914 inaweka wajibu wa kuwaandaa watoto kwanza kwa wazazi na wanaoshika nafasi yao, kisha kwa paroko. Siku hizi shule nyingi humaliza mafundisho yote zenyewe, na mzazi huja siku ya sherehe akiwa mgeni, kamera mkononi, huku mshereheshaji akiita familia moja moja kukata keki. Mtoto amepokea Ekaristi bila jumuiya yake kujua, na mzazi hakuwahi kuulizwa hata mara moja kama wanasali nyumbani. Shule ifundishe, ndiyo. Mwisho wa mafundisho uwe mikononi mwa wazazi na jumuiya, hata kama picha zitapungua uzuri.

Katika shule zetu wamo watoto Waislamu, Walutheri, Waanglikana na wa makanisa mengine, na wazazi wao wamewaleta wakisema waziwazi kwamba kwa masista watoto wanafundwa adabu. Hiyo ni heshima kubwa, nayo inatudai. Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi inalinda uhuru wa imani wa kila mtu. Mzazi aelezwe kwa maandishi siku ya usajili mtoto wake atashiriki nini na hatashiriki nini. Wakati wa Misa mtoto Mwislamu asiachwe akizurura nje kama aliyeadhibiwa, bali apewe mwalimu na kazi yenye maana. Mwezi wa Ramadhani, aliyechagua kufunga atengewe mahali pa kukaa wenzake wanapokula. Hayo hayapunguzi Ukatoliki wetu hata chembe. Mtoto aliyeheshimiwa hivyo atalisimulia jina la shule kwa wema atakapokuwa mzee. Ukarimu huo, kwa bahati nzuri, nimeuona ukifanyika katika shule kadhaa bila waraka wowote, kwa busara tu ya Sista aliyekuwa zamu.

Kuna jambo dogo linalohusu ufagio. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha katika shule za Kikatoliki za Mtakatifu Maria, Tabora, na Mtakatifu Fransisko, Pugu, alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na mojawapo ya hofu zake ilikuwa shule inayomzalisha kijana anayedharau kazi ya mikono na watu wanaoifanya. Leo mtoto anaweza kumaliza miaka saba kwetu bila kufagia darasa lake, kwa kuwa wazazi wanaolipa wangelalamika. Anawaita wapishi "wale wa jikoni", na anamwamkia Padre lakini anampita mlinzi aliye sawa na babu yake bila shikamoo. Watoto wafagie, wamwagilie bustani, wapange foleni ya kuosha sahani zao, na wajue majina ya wanaowapikia. Nanyi waajiri mwalipe wapishi na walinzi hao kwa wakati, maana watoto wana masikio na wapishi huzungumza.

Kuhusu viboko nitasema kwa kifupi. Sheria ya nchi bado inaviruhusu kwa masharti, lakini hakuna sheria inayotulazimisha kuvitumia, na Aliyesema "waacheni watoto waje kwangu" picha yake imetundikwa katika kila darasa letu. Jimbo linaweza kuviondoa katika shule zake kwa barua moja.

Shule zitafunguliwa tena Januari. Kabla ya siku hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kila Mkurugenzi wa Elimu wa jimbo atoe mwongozo wa maandishi unaokataza kumsimamisha mtoto getini au kumtoa darasani kwa deni la ada, na unaokataza kumhamisha au kumkaririsha kwa ajili ya wastani wa shule. Naomba kipindi cha dini kisiguswe katika madarasa yote, hadi la mwisho, na mwalimu wake ateuliwe kwa mashauriano na paroko. Naomba mkutano wa kwanza wa wazazi wa mwaka uwe na ajenda ya mfuko wa ada, na mweka hazina wa parokia aalikwe. Mimi na wazazi wenzangu kadhaa tumeshakubaliana kuchangia mfuko huo utakapofunguliwa, na tuko tayari kuitwa ofisini kwa mazungumzo siku yoyote mtakayoipanga, isipokuwa Jumamosi mchana, ambapo nina mafundisho ya Kipaimara.

Wenu katika Kristo,

Mzazi na katekista wa kujitolea,
Kanda ya Ziwa